Meza ya Parrilla: Ukarimu wa Nyama na Sahani ya Mtoto

Saa tatu na nusu usiku, mjini Buenos Aires, ndipo watu wanapoanza kujaa katika parrilla. Neno hilo la Kihispania lina maana mbili: wavu wa chuma wa kuchomea nyama, na mkahawa mzima uliojengwa kuuzunguka wavu huo. Katika eneo la Palermo familia husimama nje kwenye foleni bila haraka. Pale Don Julio, parrilla mashuhuri iliyofunguliwa mwaka 1999, wanaosubiri huletewa glasi ya mvinyo wenye povu wangali barabarani. La Cabrera, katika eneo hilohilo, inajulikana kwa visahani vidogo vingi vya vikolombwezo vinavyopangwa kuzunguka nyama hadi meza isionekane. Ndani wamo babu na bibi, wazazi, na watoto wadogo ambao katika nchi nyingine wangekuwa wamelala zamani.

Mtoto huyo wa miaka mitatu, anayekaa na wakubwa usiku na kulishwa kutoka sahani zao, ndiye mgeni anayepaswa kutazamwa kwa makini kuliko wote. Lakini kwanza moto.

Moto huwashwa mapema, kabla mgeni wa kwanza hajafika. Kuni zinazosifiwa ni za quebracho, mti wa kaskazini mwa Argentina ulio mgumu kiasi kwamba jina lake linatokana na maneno ya kuvunja shoka. Kuni huungua pembeni hadi ziwe makaa. Kisha mchomaji, parrillero, huyavuta makaa kidogo kidogo na kuyatandaza chini ya wavu. Ndimi za moto haziigusi nyama. Wavu wenyewe mara nyingi huwa umeinamishwa, na vyuma vyake vimekunjwa mfano wa mifereji, ili mafuta yatiririke kwenye chombo mbele badala ya kudondokea makaa. Desturi hii ilianza kwa ajili ya ladha, lakini daktari ataipenda kwa sababu nyingine: mafuta yanapodondoka na kulipuka, moshi wake huipaka nyama kemikali ambazo wataalamu wa saratani wanazishuku. Mchomaji asiye na haraka huwapunguzia wageni wake moshi huo bila kujua kwamba anafanya kazi ya afya.

Kiungo cha nyama ni chumvi ya chengachenga peke yake. Mchuzi wa chimichurri, wa majani yaliyokatwakatwa, oregano, kitunguu saumu, siki, mafuta na pilipili kidogo, huwekwa pembeni, na kila mtu hujitilia apendavyo.

Wingi huu wa nyama una historia. Ng'ombe waliletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakazaana katika mbuga za pampa zisizo na miti wala mipaka. Kwa muda mrefu walichinjwa zaidi kwa ajili ya ngozi na mafuta, na nyama ilikaushwa kwa chumvi. Mwaka 1876 meli iliyoitwa Le Frigorifique iliwasili Buenos Aires kutoka Ufaransa ikiwa na mitambo ya ubaridi, na tangu hapo nyama ya pampa iliweza kuvuka bahari ikiwa mbichi. Nyumbani, hata hivyo, ilibaki kuwa chakula cha kila mtu, cha fundi mwashi aliyewasha moto wake kando ya jengo na cha mwanasheria pia. Katikati ya karne ya 20 Mwargentina wa kawaida alikula takriban kilo 100 za nyama ya ng'ombe kwa mwaka. Siku hizi, kwa bei kupanda na tabia kubadilika, ni karibu nusu ya hapo, na bado ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani.

Mlo una utaratibu wake. Huanza vitu vidogo: empanada za moto, jibini la provolone lililoyeyushwa juu ya wavu, kisha chorizo, yaani soseji mbichi ya nyama ya kusaga, na morcilla, soseji ya damu ambayo hupikwa kabla ya kufika kwenye wavu. Hufuata vya ndani ya mnyama: utumbo mwembamba uliochomwa hadi ukakauka na kulia menoni, figo, na tezi laini ya ndama iitwayo molleja, ambayo wapenzi wake huipigania. Ndipo zinapokuja nyama zenyewe, mbavu zilizokatwa kwa msumeno, nyama ya ubavu, na bife de chorizo, ambayo licha ya jina lake haina uhusiano wowote na soseji. Hiyo ni steki nene ya mgongo, na kipande cha gramu 400 si jambo la kushangaza.

Mhudumu huuliza swali moja: iive kiasi gani? Wapo wanaotaka nyama yenye ute mwekundu katikati, na wapo wanaotaka iive kabisa. Mgeni kutoka Afrika Mashariki, aliyezoea nyama choma iliyokaa motoni hadi ikakauka, anapoiona damu sahanini kwa jirani hushtuka na kuamini kuwa hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kwa sehemu kubwa amekosea, na kosa lake linafaa kuchunguzwa.

Msuli wa ng'ombe mwenye afya, ukiwa mzima haujachanwa wala kudungwa, kwa kawaida hauna bakteria ndani yake. Vijidudu vya kinyesi na ngozi huipata nyama machinjioni na buchani, navyo hukaa juu. Steki nene ikiwekwa juu ya makaa, uso wake wote hupata joto kali linaloviua, hata kama katikati imebaki nyekundu. Kwa mtu mzima mwenye kinga imara, hatari ya steki hiyo ni ndogo. Ikumbukwe tu kwamba mjamzito, mzee dhaifu, na mgonjwa ambaye kinga yake imeshushwa na maradhi au dawa hawamo katika hesabu hiyo. Wao waagize nyama iliyoiva hadi ndani.

Mambo hugeuka nyama inapopita kwenye mashine ya kusaga. Kilichokuwa juu kinaingia katikati. Nyama ya ng'ombe kadhaa huchanganywa, na bakteria aliyekuwa kwenye kona ya kipande kimoja husambaa katika soseji zote za siku hiyo. Chorizo ikiwekwa juu ya makaa yenye nguvu, ganda lake hubabuka na kutoa harufu nzuri wakati ndani bado ni vuguvugu. Ndivyo ilivyo pia kwa baga nene. Na mtoto mezani hupewa nini? Steki ni ngumu kwa meno yake. Hupewa kilicho laini na kilichotangulia kufika: soseji ndani ya mkate, au baga. Kipande cha bei ndogo kuliko vyote mezani ndicho kinachohitaji kuogopwa, na huliwa na mwili mdogo kuliko yote.

Argentina inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1964 daktari wa watoto Carlos Gianantonio na wenzake wa Buenos Aires walichapisha maelezo ya kina ya makumi ya watoto waliougua kwa namna moja: kwanza kuhara, mara nyingi damu, kisha weupe wa ghafla, mkojo kupungua au kukatika, na figo kushindwa kazi. Hali hiyo ilikuwa imepewa jina huko Uswisi mwaka 1955. Kwa Kihispania huitwa kwa kifupi SUH, na kwa Kiswahili inaweza kuelezwa kuwa mkusanyiko wa dalili za kuvunjika kwa seli nyekundu za damu pamoja na figo kushindwa. Wakati huo hakuna aliyejua chanzo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1982, baada ya watu nchini Marekani kuugua kwa kula baga, ndipo bakteria E. coli wa aina ya O157:H7 alipotambuliwa. Na mwaka uliofuata watafiti wa Kanada wakiongozwa na Mohamed Karmali waliunganisha sumu ya bakteria wa jamii hiyo na ugonjwa wa figo ambao Gianantonio alikuwa ameueleza.

Bakteria huyo hukaa katika utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru. Kwa binadamu, idadi ndogo sana, hata chini ya 100, yaweza kutosha kuleta ugonjwa. Hutoa sumu inayopenya kutoka utumboni hadi kwenye mishipa midogo ya damu, hasa ya figo. Kuta za mishipa huumia, vidonge vidogo vya damu iliyoganda huiziba, seli nyekundu zinazopita humo hupasuka, na chembe za kugandisha damu huisha kwa kutumika. Kutoka kula hadi kuhara huwa ni siku tatu au nne kwa kawaida, ingawa zaweza kuwa hadi kumi. Watoto wengi walioambukizwa hupona. Wachache kati yao, yapata wiki moja baada ya kuanza kuhara, wakati wazazi wanashukuru kwamba tumbo limetulia, huanza kupauka na kuacha kukojoa.

Argentina ina kiwango cha juu kabisa duniani cha SUH kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kila mwaka mamia ya watoto huupata. Wengi hurudi nyumbani wazima baada ya wiki kadhaa za matibabu, wengine baada ya kusafishwa damu kwa mashine au kwa njia ya tumbo. Lakini wapo wanaokufa, na wapo wanaobaki na shinikizo la damu na figo zinazochoka mwaka hadi mwaka, hata ugonjwa huu ukahesabiwa miongoni mwa sababu kuu za upandikizaji wa figo kwa watoto na vijana nchini humo. Tarehe 19 Agosti ni siku ya taifa ya kupambana nao.

Ingekuwa uonevu kuubebesha mkahawa lawama zote. Maziwa yasiyochemshwa, maji yasiyo salama, mboga zisizooshwa na mikono ya mtoto mwingine anayehara vyote hueneza bakteria huyu, na mengi hutokea katika majiko ya nyumbani, ambako kisu kilichokata nyama mbichi hukata pia nyanya. Lakini jirani na moto somo huonekana wazi zaidi. Mchomaji mzuri huwa na koleo la kushikia nyama mbichi na jingine la nyama iliyoiva, na sahani iliyoleta soseji mbichi haitumiki kuipeleka mezani. Nyama ya kusaga huhitaji kufikia nyuzi joto 71 za Selsiasi katikati. Kwa kukosa kipimajoto, ndani kusibaki rangi ya waridi hata kidogo na maji yanayotoka yawe meupe, ingawa rangi peke yake huweza kudanganya na kipimajoto ni rafiki mwaminifu zaidi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataona mengi anayoyajua katika meza hii: nyama juu ya makaa, kachumbari mahali pa chimichurri, mazungumzo yasiyoisha. Ataona pia kwamba kababu, baga na soseji za jioni kando ya barabara ni nyama ya kusaga ileile. Nyama choma ya mbuzi iliyokauka haina hatari hiyo. Kababu iliyoiva nje tu inayo.

Kwa mhudumu wa afya pana tahadhari ya kutofautisha mazingira. Nchini Argentina, mtoto anayehara damu na anayeshukiwa kuwa na E. coli mwenye sumu kwa kawaida hapewi antibiotiki, kwa hofu kwamba baadhi yake huongeza kutolewa kwa sumu. Katika Afrika Mashariki mshukiwa wa kwanza wa kuhara damu ni Shigella, na mwongozo wa matibabu ya watoto unaelekeza siprofloksasini, pamoja na maji ya ORS na zinki. Mwongozo huo usiachwe kwa sababu ya habari za Buenos Aires. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka huko ni jicho la baadaye. Shigella dysenteriae wa aina ya kwanza hutoa sumu ya jamii hiyohiyo na huweza kuleta ugonjwa huohuo wa figo. Kwa hiyo mama aulizwe siku ya tatu, ya tano, ya saba: mtoto amekojoa mara ngapi? Viganja na midomo vimepauka? Amevimba uso, amelegea, ana madoa mekundu ya damu chini ya ngozi, amepata degedege? Dawa za kufunga kuhara, kama loperamidi, hazifai kwa mtoto huyu, wala dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni. Maji ya kutosha mapema huzisaidia figo. Mkojo ukishakatika, maji yaleyale hugeuka mzigo, na rufaa isisubiri asubuhi.

Wakubwa waliobaki mezani nao wana maradhi yao, na mengi hayahitaji kuwafukuza. Mwenye gauti, ambayo wazee huiita jongo, ndiye mwenye sababu ya kupita mbali na figo na molleja, kwa kuwa nyama hizo za ndani hujaa purini zinazogeuka asidi ya yuriki mwilini. Akiongeza na pombe, kidole gumba cha mguu kitampa jibu kabla ya mapambazuko. Mwenye shinikizo la damu aiangalie chumvi iliyofichika katika soseji na jibini zaidi kuliko ile inayoonekana juu ya steki. Argentina ilitunga sheria ya kupunguza chumvi katika vyakula mwaka 2013, na kabla ya hapo jimbo la Buenos Aires lilikwisha kuwataka wenye mikahawa wasiweke kichupa cha chumvi mezani hadi mteja akiombe. Ni hatua ndogo na ya busara.

Mgonjwa wa kisukari, mara nyingi, huiogopa nyama na kuusamehe mkate. Afanye kinyume: mkate, viazi vya kukaanga na flani iliyomwagiwa maziwa mazito ya sukari, dulce de leche, ndivyo vinavyopandisha sukari haraka. Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni saa. Aliyezoea kuchoma insulini ya chakula saa moja jioni, akaichoma kama kawaida kisha akafika parrilla saa tatu na nusu, atajikuta saa nne usiku nyama ingali motoni, tumboni hamna kitu, na glasi ya mvinyo mkononi inayolizuia ini kutoa akiba yake ya sukari. Atatetemeka, atatoka jasho, na wenzake watadhani amelewa. Insulini ya chakula isubiri chakula kilichoahidiwa kiwe kimefika. Anayetumia glibenklamidi apange saa zake na daktari kabla ya siku ya karamu. Na pipi au sukari ikae mfukoni.

Kwa mgonjwa wa figo ushauri hauwi mmoja. Ambaye hajafikia kusafishwa damu huwekewa mpaka wa protini, na steki ya gramu 400 huuvuka kwa mbali. Aliye kwenye dayalisisi huhitaji protini zaidi kuliko mtu mwenye afya, lakini hulazimika kuvihesabu viazi, maji na chumvi. Watu wawili wenye ugonjwa wa jina moja wanaweza kuketi pamoja na kuagiza tofauti kabisa, kila mmoja kwa haki yake.

Na moyo? Mwargentina René Favaloro, aliyewahi kuwa daktari wa kijijini huko La Pampa kwa takriban miaka 12, ndiye aliyeendeleza mwaka 1967, akiwa Cleveland nchini Marekani, upasuaji wa kuuzunguka mshipa wa moyo ulioziba kwa kutumia mshipa wa mguuni. Wapo wanaopenda kusema kwamba nchi ya nyama ilikuwa lazima imzae mtu huyo. Ni utani tu. Hata hivyo mashirika ya kuzuia saratani hushauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki ikiwa imepikwa, na steki moja ya parrilla, ikishapungua motoni, huwa imemaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho. Soseji zilizosindikwa ziliwekwa mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Wenyeji wana njia yao ya kulimudu jambo hili, ambayo wageni wengi hawaitambui: nyama huagizwa kwa ajili ya meza. Steki moja hukatwa kwa watu wawili au watatu, saladi ya nyanya na majani hukaa katikati, na hakuna anayemwona mwenzake kuwa mchoyo. Ukarimu wa mahali hapa hupimwa kwa muda ambao mtu anaruhusiwa kukaa bila kuletewa hesabu.

Inapokaribia saa sita usiku, kelele hushuka. Katika asado ya nyumbani huu ungekuwa wakati wa kumpigia makofi mchomaji. Mkahawani watu humtazama tu kupitia moshi, na yeye huitikia kwa kichwa. Mtoto amelazwa juu ya viti viwili vilivyounganishwa. Mapema jioni baba yake alikuwa amepasua soseji yake, akaiona ina rangi ya waridi ndani, akamwita mhudumu na kutamka neno moja: mariposa, yaani kipepeo. Kila mchomaji analijua agizo hilo. Soseji ilirudi motoni, ikapasuliwa kwa urefu na kufunuliwa kama mabawa, ikalazwa upande wa ndani juu ya makaa hadi ikawa ya kahawia kote. Ilichukua dakika chache. Mtoto alilia kidogo kwa njaa, akapewa kipande cha mkate, akasubiri.